Nyumba na gari: jinsi ya kujua kama hesabu inakubali

Vijana hawanunui nyumba wala magari kama wazazi wao walivyonunua, na maelezo ya haraka huwa ni kwamba wamezidi starehe: simu mpya, safari, kutopenda kutulia. Maelezo hayo hayana ushahidi mwingi. Mwaka 2018 watafiti wa Benki Kuu ya Marekani waliwalinganisha vijana waliozaliwa kuanzia miaka ya 1980 na vizazi vilivyowatangulia. Mapenzi yao ya matumizi hayakutofautiana sana na ya wazazi. Kilichotofautiana ni kipato na mali: walikuwa na kidogo kuliko wazazi wao walipokuwa na umri huohuo. Nchini humohumo, mwaka 1981 mtu aliyenunua nyumba yake ya kwanza kwa kawaida alikuwa na miaka 29. Mwaka 2024 alikuwa na 38.

Kilichogoma ni hesabu. Na kwa kuwa ni hesabu, unaweza kuifanya mwenyewe kwa karatasi na kikokotoo cha simu, ukajua kama wewe ni wa kununua sasa, baadaye, au kutonunua kabisa. Mifano yote hapa chini inatumia nyumba ya 100,000 na mtu anayepata 20,000 kwa mwaka, kwa fedha yoyote ile. Weka tarakimu zako mahali pa hizi, njia haibadiliki.

Anza na malipo ya awali, si rejesho la mwezi

Wengi huanza kwa kuuliza, "Nitalipa kiasi gani kwa mwezi?" Swali hilo ni la pili. Linalowakwamisha wengi ni kupata mtaji wa kuingilia.

Tuseme mkopeshaji anataka asilimia 20 kama malipo ya awali, yaani 20,000. Ongeza gharama za ununuzi: mwanasheria, usajili wa hati, ukaguzi wa nyumba, ada ya mkopo, ushuru wa kuhamisha umiliki. Kadiria asilimia 5, yaani 5,000. Unahitaji 25,000 mkononi. Ukiweka akiba asilimia 10 ya kipato, ni 2,000 kwa mwaka. Gawanya: miaka 12 na nusu. Inavumilika.

Lakini bei ya nyumba haikungoji. Chukulia nyumba zinapanda asilimia 4 kwa mwaka, mshahara wako unapanda asilimia 2 na akiba inapanda nao, na fedha imekaa kwenye akaunti isiyozaa kitu. Mwishoni mwa mwaka wa 20 utakuwa na 48,595, ilhali kinachotakiwa kimeshafika 54,778. Unalifikia lengo mwaka wa 30. Bei inayopanda haraka kuliko mshahara, pamoja na akiba isiyozaa kitu, zimegeuza miaka 12 kuwa 30, na hapo hakuna aliyenunua simu ya kifahari.

Sasa tazama unachoweza kugeuza. Akiba ileile ikizaa asilimia 2 kwa mwaka, unafika mwaka wa 19. Ikizaa asilimia 5, mwaka wa 14. Ikizaa asilimia 5 na wewe ukaweka asilimia 15 ya kipato badala ya 10, unafika mwaka wa 9, kwa chupuchupu. Kwa hiyo mahali akiba inapokaa pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Ila fedha utakayoihitaji ndani ya miaka mitatu usiiweke kwenye hisa. Soko likianguka mwaka wa kununua, umerudi nyuma miaka kadhaa. Dhamana za serikali za muda mfupi au akaunti ya muda maalumu zinatosha kwa kipindi hicho cha mwisho.

Ukipiga hesabu hii ukakuta zaidi ya miaka 15 hata baada ya kubana, kubana zaidi hakutakufikisha. Punguza ukubwa wa nyumba, badilisha eneo, nunua na mwenzako kwa mkataba ulioandikwa, au acha kabisa na uendelee na hatua zinazofuata ukiwa mpangaji.

Rejesho: tarakimu nne za kukariri

Kwa mkopo wa miaka 25 unaolipwa kila mwezi, kila 1,000 uliyokopa inakudai hivi kwa mwezi:

riba asilimia 3 – 4.74
riba asilimia 6 – 6.44
riba asilimia 9 – 8.39
riba asilimia 12 – 10.53

Mkopo wetu ni 80,000. Kwa asilimia 6, zidisha 80 kwa 6.44: rejesho ni kama 515. Kwa asilimia 3 lingekuwa 379. Kwa asilimia 12, 843. Nyumba ileile, mshahara uleule. Mtu akikwambia alinunua nyumba akiwa na miaka 26, muulize riba ilikuwa ngapi na nyumba ilikuwa sawa na mishahara mingapi ya mwaka. (Usimwonee, lakini: Marekani mwaka 1981 riba ya mkopo wa nyumba ilivuka asilimia 18. Waliokopa wakati huo nao waliumia, ila walikopa kidogo kwa sababu nyumba zenyewe zilikuwa nafuu ukizipima kwa mishahara.)

Pima rejesho dhidi ya kipato. Kipato cha 20,000 kwa mwaka ni 1,667 kwa mwezi, kwa hiyo 515 ni asilimia 31. Hapo ndipo mpaka ulipo. Wakopeshaji wengi hukunja uso madeni yakifika theluthi moja ya kipato, au kuipita kidogo. Sasa fanya jaribio ambalo wengi hulisahau: pandisha riba kwa pointi tatu za asilimia. Kwa asilimia 9 rejesho linakuwa 671, yaani asilimia 40 ya kipato. Kama mkopo wako una riba inayobadilika na huwezi kulipa hiyo 671 bila kukopa kwingine, nyumba hiyo ni kubwa kuliko wewe. Muulize mkopeshaji: riba inabadilishwa kila baada ya muda gani, inafuata kipimo gani, na ina kikomo cha juu? Majibu yote matatu yawe kwenye mkataba, usiridhike na maneno ya afisa mikopo.

Jambo jingine la kuliona kwa macho. Rejesho la kwanza la 515 lina riba 400. Kinachopunguza deni ni 115 tu. Baada ya miaka mitano umelipa karibu 30,900, na deni limeshuka kutoka 80,000 hadi kama 71,950. Ukiuza hapo, usishangae kuona kilichorudi mkononi ni kidogo.

Gharama isiyorudi

Kosa kubwa kuliko yote ni kulinganisha pango na rejesho. Sehemu ya rejesho inayopunguza deni ni akiba yako, haikupotea. Kwa upande mwingine, mwenye nyumba ana gharama ambazo mpangaji hazioni. Linganisha pango na gharama isiyorudi. Kwa mwaka wa kwanza wa nyumba yetu:

Riba ya mkopo ni 4,761. Matengenezo, asilimia 1 ya bei, ni 1,000. Nyumba ya zamani iwekee asilimia 2, kwa sababu paa, mabomba na nyaya za umeme huchakaa pamoja na hazikupi taarifa. Kodi ya jengo na bima, tuseme 800. Kisha kuna faida uliyoikosa kwa kuzika 20,000 za malipo ya awali ukutani: kwa asilimia 4 ni 800 nyingine. Jumla 7,361, sawa na 613 kwa mwezi.

Nyumba nayo inaweza kupanda thamani. Ikipanda asilimia 2, toa 2,000: inabaki 5,361, au 447 kwa mwezi. Fanya hesabu mara mbili, mara moja bila kupanda kwa bei na mara ya pili kwa kupanda kiasi. Usiweke asilimia 8 eti kwa sababu mwaka jana zilipanda hivyo. Hesabu yoyote ya nyumba itapendeza ukiitia asilimia 8.

Sasa tafuta pango la nyumba inayofanana na hiyo, si chumba kimoja dhidi ya vyumba vitatu. Likiwa chini ya 447, kupanga ni nafuu. Likizidi 613, kununua kunashinda hata bei isipopanda. Likiwa katikati, jibu linategemea utakaa muda gani.

Kama huna subira ya hesabu yote hiyo, gawanya bei ya nyumba kwa pango la mwaka mzima. Chini ya 15, kununua kuna mantiki. Juu ya 20, kupanga. Mipaka yetu miwili ya 613 na 447 inaangukia kwenye 13.6 na 18.6, kwa hiyo njia hii ya mkato haiko mbali na hesabu kamili, mradi riba isiwe ya juu sana. Riba ikiwa asilimia 12 au zaidi, achana na njia ya mkato. Piga hesabu nzima.

Utakaa miaka mingapi?

Kuingia kunagharimu asilimia 5, na kutoka, kwa dalali, mwanasheria na kodi, chukulia 5 nyingine. Hizo ni 10,000. Ukikaa miaka 10, zinagawanyika kuwa 83 kwa mwezi. Ukikaa miaka mitatu, ni 278 kwa mwezi. Nyumba iliyoonekana kugharimu 447 imekuwa 725.

Hapa ndipo penye jibu la swali la vijana kuliko mahali pengine popote. Mtu mwenye mkataba wa kazi wa mwaka mmoja mmoja, ambaye anaweza kuhamia mji mwingine kazi ikihama, hana miaka 10 ya kuahidi. Kwake yeye kupanga ni bei halali ya kuweza kuondoka. Kanuni ya kufanyia kazi: kama huoni miaka mitano mbele yako mahali hapo, usinunue. Kati ya mitano na saba, nunua kama uwiano wa bei na pango uko chini ya 15.

Ila kuna mtego upande wa mpangaji pia. Mwenye nyumba wetu hutoa mfukoni 515 za rejesho na 150 za matengenezo, kodi na bima: 665 kwa mwezi. Mpangaji wa 450 anabakiwa na 215. Hesabu ya kwamba kupanga ni nafuu inasimama tu kama hizo 215 zinawekwa, na zile 20,000 za awali zinabaki zinazaa. Zikiliwa, mwenye nyumba atakuwa mbele baada ya miaka 15, kwa sababu mkopo ulimlazimisha kuweka akiba kila mwezi, apende asipende. Weka agizo la kudumu benki litoe tofauti hiyo siku ya pili baada ya mshahara. Ukisubiri kuona kitakachobaki mwisho wa mwezi, hakitabaki.

Gari: hesabu ya kilomita

Gari ni rahisi kupima kuliko nyumba kwa sababu halina kisingizio cha kupanda thamani. Gari jipya hupoteza kama asilimia 15 hadi 20 mwaka wa kwanza, na karibu nusu au zaidi kwa miaka mitano.

Gawa gharama mafungu mawili. Fungu la kwanza hulipwa hata gari likilala. Gari la 20,000 litakalouzwa 9,000 baada ya miaka mitano linapoteza 2,200 kwa mwaka. Riba, au faida uliyoikosa, kwa asilimia 5 ya thamani ya wastani ya 14,500, ni 725. Bima na leseni 900. Maegesho 300. Jumla 4,125 kwa mwaka. Dereva chini ya miaka 25 aongeze fungu la bima, maana sehemu nyingi kampuni za bima humtoza zaidi kwa sababu ya rekodi ya ajali ya kundi la umri wake.

Fungu la pili hufuata kilomita. Gari linalokula lita 7 kwa kilomita 100, lita ikiwa 1.5, linatumia 0.105 kwa kilomita. Oili, matairi, pedi za breki na betri, weka 0.05. Jumla 0.155.

Ukiendesha kilomita 20,000 kwa mwaka, kila kilomita inakugharimu 0.36. Ukiendesha 5,000, inakugharimu 0.98. Gari lilelile.

Kupata mpaka wa kununua, gawanya fungu la kwanza kwa tofauti kati ya bei ya teksi au gari la kukodi kwa kilomita na gharama yako ya kuendesha kwa kilomita. Teksi ikiwa 0.80: 4,125 gawanya kwa 0.645, unapata kama kilomita 6,400 kwa mwaka. Chini ya hapo, mtu anayepanda teksi kila safari, bila kugusa basi hata siku moja, anatumia kidogo kuliko mwenye gari. Akichanganya na basi, treni au baiskeli, mpaka unapanda juu zaidi.

Zamani hesabu hii haikuwa na maana kwa sababu mbadala ulikuwa mgumu kupatikana. Zipcar, huduma ya kukodi gari kwa saa, ilianza Marekani mwaka 2000, Uber ikaanzishwa 2009, na simu ikamaliza shida ya kusimama barabarani ukipunga mkono. Hata hamu ya leseni ilishuka: Marekani mwaka 1983 karibu asilimia 46 ya vijana wa miaka 16 walikuwa na leseni, mwaka 2014 ni kama asilimia 24. Gari linalotembea kilomita 10,000 kwa mwaka kwa wastani wa kilomita 30 kwa saa linafanya kazi saa 333 kati ya saa 8,760. Muda uliobaki, zaidi ya asilimia 96, unalilipia likiwa limeegeshwa.

Ukiamua kununua, hakikisha riba ya mkopo wa gari inapigwaje. Mkopo wa 15,000 kwa miaka mitano "kwa asilimia 10" unaweza kumaanisha asilimia 10 ya 15,000 zote kila mwaka, hata ukiwa umebakiza deni la 2,000. Hapo riba ni 7,500, rejesho 375, na riba halisi juu ya salio linalopungua ni kama asilimia 17. Swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: jumla nitakayolipa hadi siku ya mwisho ni kiasi gani? Asipotaja tarakimu moja, ondoka. Na usinunue gari lililotumika bila fundi wako mwenyewe kulipandisha juu na kuliangalia chini. Fundi aliyeletwa na muuzaji anafanya kazi ya muuzaji.

Usizipige hesabu hizi mbili kila moja peke yake

Nyumba iliyo karibu na kazi ni 100,000, ya mbali ni 80,000. Tofauti ya 20,000 kwenye mkopo wa asilimia 6 ni 129 kwa mwezi, na tangazo litakwambia umeokoa. Lakini ya mbali haina basi la kuaminika, kwa hiyo unahitaji gari la kilomita 15,000 kwa mwaka: 4,125 jumlisha 2,325, yaani 6,450, au 538 kwa mwezi. Nyumba ya bei nafuu imekuongezea zaidi ya 400 kila mwezi. Wenza wanaohitaji gari kila mmoja wazidishe mara mbili.

Kwa kila nyumba unayoitazama, andika mistari miwili: gharama ya kukaa na gharama ya kufika unakokwenda kila siku. Jumlisha kabla ya kulinganisha. Safari ifanye mwenyewe saa ya kazi siku ya wiki, kwa sababu dakika 20 za Jumapili zinaweza kuwa 70 za Jumatatu.

Panapoharibikia

Kumwaga akiba yote kwenye malipo ya awali. Mwezi wa tatu tangi la maji linapasuka, unakopa kwa riba ya kadi ya mkopo. Baki na gharama za miezi mitatu hadi sita baada ya kusaini. Kama haiwezekani, hujafika.

Kukopa gari miezi michache kabla ya kuomba mkopo wa nyumba. Rejesho la 375 linahesabiwa ndani ya ile theluthi, na mtu wa kipato cha 1,667 anabakiwa na nafasi ya 180 hivi kwa ajili ya nyumba. Kama vyote viwili ni lazima, nyumba itangulie.

Kununua na ndugu au mchumba kwa maelewano ya mdomo. Andikeni nani alitoa kiasi gani, nani analipa nini, na mmoja akitaka kutoka nyumba itathaminiwa vipi na na nani. Karatasi mbili zinatosha, ila zisainiwe mbele ya mwanasheria na kabla ya fedha kuhama.

Na usifanye hesabu hii mara moja ukaifungia kabatini. Irudie kila riba inapobadilika kwa pointi moja, kila pango linapopandishwa, na kila unapobadilisha kazi. Ukiwa na tarakimu zako tayari, haichukui zaidi ya nusu saa.